Seyyid Barghash na Pesa Zake za Mizani

Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa pwani kama mimi, na hapana shaka watastaajabu kusikia kwamba habari ya Seyyid Barghash bin Said wa Unguja nimekwenda kuiokota Turbo. Turbo ni kijimji kilichoko magharibi ya Eldoret, katika barabara kuu iendayo Webuye na Malaba mpaka Uganda. Huko hapana bahari wala minazi. Mali ya watu ni mahindi, ng'ombe na mbao, na baridi ya alfajiri humfanya mtu aliyezaliwa Mvita ayatazame maji ya udhu mara mbili kabla ya kuyatia mkono.

Nimeuza kanga na shuka katika mji huo miaka mingi, na sokoni hakuna asiyejua kwamba nina maradhi ya kukusanya sarafu kuukuu. Mwenye senti kumi yenye tundu hunijia, mwenye rupia ya Malkia Victoria hunijia, na wako walioniletea vifungo vya sare ya polisi wakidhani ni dhahabu. Wote nawakaribisha, kwa sababu katika takataka nyingi hutokea kitu.

Basi siku moja akaja bibi mmoja, Mwislamu, mjane wa mtu aliyefanya kazi katika reli. Wazee wa mumewe walikuwa watu wa misafara, waliotoka upande wa Pangani wakaselelea Mumias. Alikuwa na kopo la tumbaku, na ndani yake mlikuwa na pesa za shaba kumi na moja, na kipande kimoja cha fedha, kikubwa, kimesawijika, kimetiwa kipete cha kutungia mkufu. Mjukuu wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada ya skuli, naye bibi alitaka kujua kama vitu hivyo vina bei. Nilikigeuza kile kipande cha fedha kwenye mwanga wa mlango, nikasoma jina na mwaka, na moyo ukanipiga. Nilimwomba aniachie kopo mpaka kesho yake. Nitaeleza nilivyofanya, lakini kwanza nimtaje mwenye jina hilo, maana bila ya kumjua yeye sarafu zile ni chuma tu.

Seyyid Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837. Alikuwa mmoja katika watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, yule aliyeuhamishia ufalme wake Unguja kutoka Maskati, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mwezi wa Oktoba 1856 alikuwa pamoja na baba yake ndani ya merikebu Victoria, wakirejea kutoka Omani, Seyyid Said alipofariki baharini karibu na Shelisheli. Kijana huyo wa miaka kumi na tisa alipofika Unguja alijaribu kuunyakua ufalme kabla ndugu yake Majid hajajiweka sawa. Hakuweza. Mwaka 1859 akajaribu tena, safari hii akiungwa mkono na Waharthi pamoja na dada zake Khole na Salme, akajifungia katika shamba lililoitwa Marseilles. Askari wa manowari ya Kiingereza walimsaidia Majid, uasi ukazimwa, na Barghash akapakiwa merikebuni kupelekwa Bombay.

Alikaa uhamishoni yapata miaka miwili, na mimi naamini kuwa miaka hiyo ndiyo iliyomfanya awe mtawala wa namna aliyokuja kuwa. Bombay ya wakati huo ilikwisha kuwa na reli, na mitambo ya kupigia chapa, na nyumba kubwa ya serikali ya kupigia sarafu. Mtu aliyetoka katika mji wa visima na vichochoro aliona maji na moshi na chuma vikifanya kazi. Tena aliona kitu kingine kidogo ambacho alikuwa akikijua tangu utotoni: pesa ya shaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India, iliyopigwa kwa ajili ya Bombay katika miaka ya 1830, yenye picha ya mizani upande mmoja.

Hapa niombe ruhusa nieleze kidogo mambo ya fedha za zamani, kwa kuwa vijana wengi hudhani shilingi ilikuwako tangu enzi za Nabii Nuhu. Pwani yetu ilipiga sarafu zake yenyewe karne nyingi kabla ya Mzungu. Masultani wa Kilwa walipiga za shaba, na mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili. Lakini kazi hiyo ilikufa, na katika wakati wa Seyyid Said fedha ya heshima ilikuwa ni reale ya kigeni. Ilikuwako reale ya Sham, yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo mpaka leo huandikwa mwaka 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, hata kama imepigwa miaka mia baadaye. Ilikuwako pia reale ya mzinga ya Wahispania, iliyopewa jina hilo kwa sababu nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilionekana na watu wetu kuwa ni mizinga. Kwa manunuzi madogo watu walikuwa wakipimiana mtama, mpaka Seyyid Said alipoleta zile pesa za shaba kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1840. Ndiyo maana hata leo tunasema pesa, neno la Kihindi, na hatuna habari.

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akakaa katika kiti. Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja merikebu za Sultani bandarini. Pemba ilinusurika, na tangu hapo karafuu imekuwa mali ya Pemba zaidi kuliko Unguja. Kabla mashamba hayajapandwa tena, Januari 1873 akaja mjumbe wa Kiingereza, Sir Bartle Frere, akitaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Barghash alikataa. Frere akaenda zake, na Balozi John Kirk akabaki na tishio la manowari kuizunguka Unguja isipate kitu. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Sisi tunaopenda sarafu tuna tabia ya kuzifuta vumbi na kusahau zilikuwa zikilipia nini. Reale za Sham ambazo leo watu huzitia katika visanduku vya mahameli zilihesabiwa mbele ya binadamu waliosimamishwa safu sokoni. Sultani alitoza ushuru kwa kila kichwa, na mapato hayo yaliingia katika hazina ileile iliyojenga majumba tunayoyasifu. Mkataba wa 1873 ulikataza kusafirisha na kuuza baharini, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria Unguja mpaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mpaka 1907. Mtu anayeandika maisha ya Barghash akaliruka jambo hili anapunja kipimo.

Mwaka 1875 ulikuwa mwaka wa shughuli. Mwezi wa Januari, Mombasa, Akida wa Ngome, Muhammad bin Abdallah, aliasi na kupigana na mji, mpaka manowari mbili za Kiingereza zikaipiga Ngome kwa mizinga akatoka. Baadaye mwaka huohuo Wamisri wakazishika Barawa na Kismayu, nao wakaondoka kwa kusukumwa na Waingereza. Msomaji ataona mtindo wenyewe: kila mara Barghash alipookolewa, aliyemwokoa alikuwa ni yuleyule, na deni likazidi. Kati ya mambo hayo mawili alisafiri kwenda London, akapokewa na Malkia Victoria, akaonyeshwa viwanda na mahospitali.

Aliporejea alianza kujenga kama mtu anayefukuzwa na wakati. Alivuta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi zilizoko nje ya mji mpaka ndani ya mji wenyewe, jambo ambalo mimi naliweka juu ya majumba yote, kwa kuwa miaka michache tu kabla, mwaka 1869 na 1870, kipindupindu kilikuwa kimefagia maelfu ya watu Unguja. Alinunua meli za moshi zilizoleta mchele kutoka Bombay na kupunguza bei ya nauli na shehena, na meli hizo zikachukua mahujaji. Alileta mtambo wa kupigia chapa, na vitabu vya fikihi vya madhehebu ya Ibadhi, pamoja na Kamusi al-Sharia, vikachapwa palepale Unguja. Alijenga jumba la Marhubi, hamamu za Hamamni, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib, lenye nguzo za chuma. Marhubi iliungua mwaka 1899 na leo yamebaki magofu. Beit al-Ajaib sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakafa. Bomba za maji hazina wa kuzipiga picha.

Sasa tuje kwenye sarafu. Mfalme katika nchi za Kiislamu alijulikana kwa mambo mawili: jina lake kutajwa katika hotuba ya Ijumaa, na jina lake kupigwa katika sarafu. La kwanza masultani wa Unguja walikuwa nalo. La pili hawakuwa nalo. Seyyid Said na Majid walitawala maisha yao yote kwa kutumia sura ya malkia wa Kikristo na nguzo za Mhispania. Barghash ndiye wa kwanza katika nyumba hiyo aliyepiga fedha kwa jina la Unguja. Mwaka wa Hijria 1299, yaani mwishoni mwa 1881 na sehemu kubwa ya 1882, zilitoka pesa za shaba zenye jina lake na la baba yake na babu yake kwa herufi za Kiarabu upande mmoja, na mizani upande wa pili. Zikatoka pia reale za fedha, na hata za dhahabu chache. Hazina kichwa cha mtu yeyote.

Mizani ile ni ileile ya pesa ya Kampuni aliyoiona Bombay, lakini mtu wetu aliyeishika hakuwaza Bombay. Aliwaza Surat ar-Rahman, ambamo mbingu na mizani vimetajwa pamoja, na aliwaza onyo la wapunjao. Ilikuwa picha nzuri ya kutia mkononi mwa muuza samaki.

Hesabu yake ilikuwa pesa 64 kwa rupia moja, na pesa 136 kwa reale. Wakazi wa Eldoret huuita mji wao Sisibo, yaani sitini na nne, kwa ajili ya nambari ya shamba walilopewa walowezi lilipoanzia mji. Kila nikiisikia kondakta wa matatu akiita jina hilo nakumbuka rupia na pesa zake, ingawa mambo hayo mawili hayahusiani hata kidogo. Ndivyo alivyo mkusanyaji sarafu, huona hesabu kila mahali.

Pesa za shaba zilipokewa vizuri mno. Zilipigwa nyingi, zikaenea mwambao mzima na kupanda Bara pamoja na misafara, ingawa kwa safari zenyewe wenyeji wa huku waliamini zaidi merikani, kaniki, shanga na waya. Ndiyo maana hata leo pesa ya 1299 si ghali, na asikudanganye mtu anayekuuzia kana kwamba ameipata kaburini mwa Firauni. Lakini reale ya Barghash haikupata bahati. Watu waliitazama kwa adabu wakairudia reale ya Sham, ambayo walikuwa wakiikagua mpaka lulu za kwenye taji la malkia, na wakubwa wa forodha na wafanyabiashara wa Kihindi walikwisha kuhamia kwenye rupia. Mfalme anaweza kupiga sarafu, lakini hawezi kumlazimisha mwenye duka aiamini. Nyingi katika zile chache ziliyeyushwa na masonara zikawa vikuku. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na vikuku vizito vya fedha, na alikuwa akisema vilitoka katika reale kumi. Zilikuwa za Sham au za Barghash, sonara ndiye aliyejua.

Nisimsifu kupita kiasi. Alikuwa na mkono mzito kwa watu wa nyumba yake na kwa maulama pia. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, baba yake Sheikh al-Amin, alitiwa kifungoni naye kwa ajili ya mambo ya madhehebu, na hakutoka mpaka Barghash alipofariki. Dada yake Salme, aliyemsaidia mwaka 1859, alikuwa ameondoka Unguja mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani. Aliporudi mwaka 1885 akidai urithi, kaka yake hakukubali hata kuonana naye.

Salme hakurudi peke yake. Alikuja na manowari za Kijerumani. Mwaka uliotangulia Carl Peters alikuwa amezunguka Usagara na jirani zake akiwatilisha machifu alama katika karatasi, na Februari 1885 serikali ya Kijerumani ikazifanya karatasi hizo kuwa nchi. Barghash alilalamika, na Agosti mwaka huo manowari zikatia nanga mbele ya jumba lake, mizinga ikielekea madirishani. Kirk, ambaye kwa miaka kumi na mitano alikuwa akimwambia ategemee Uingereza, aliagizwa na wakubwa wake amshauri akubali.

Tazameni sasa miaka. Pesa ya mizani ilipigwa mara mbili, mwaka 1299 na tena mwaka 1304. Mwaka 1304 ulianza Septemba 1886 ukamalizika Septemba 1887. Katika mwaka huohuo mmoja, Novemba 1886, Waingereza na Wajerumani waliafikiana kwamba ufalme wa Barghash ni visiwa, na ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi, na miji michache ya Banadiri. Kisha wakapiga mstari kutoka mto Umba mpaka ziwa la Victoria, kusini kwa Mjerumani, kaskazini kwa Mwingereza. Mei 1887 Barghash akaikodisha pwani ya kaskazini kwa kampuni ya Mackinnon. Nchi ilikuwa ikipimwa na watu wengine huku pesa zenye mizani na jina lake zikiteremshwa forodhani. Mtu mwenye pesa ya 1304 mkononi ameshika mwaka huo. Turbo yenyewe iliangukia upande wa Mwingereza wa mstari huo, katika nchi ambayo Barghash hakupata kuiona, na reli ikafika huku katika miaka ya 1920.

Alikuwa mgonjwa. Mwanzoni mwa 1888 alikwenda Ghuba na Omani kutafuta nafuu, akarejea Unguja mwishoni mwa mwezi wa Machi, na hakupata hata siku moja nyumbani: alifariki usiku uleule aliofika. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kidogo. Ndugu yake Khalifa akashika mahali pake. Kabla ya mwaka kwisha, kampuni ya Mackinnon ilikuwa ikipiga pesa yake ya Mombasa, 1888 kwa hesabu ya Kizungu na 1306 kwa ya Kiislamu, na juu yake waliweka jua la kampuni na, upande wa pili, mizani ileile. Mola amrehemu Barghash, na amsamehe yanayohitaji kusamehewa.

Basi ndicho nilichokuwa nimekishika mlangoni mwa duka langu Turbo: pesa kumi na moja, saba za 1299 na nne za 1304, na reale moja ya Barghash. Niliipima usiku ule kwa mizani ya sonara niliyo nayo. Kile kipete kilichochomelewa kilikuwa kimeiharibia bei kwa wakusanyaji, maana wao hutaka sarafu iliyo safi kama ilivyotoka kiwandani, lakini hata hivyo thamani yake ilizidi ada ya skuli mara nyingi. Nami nilijua kwamba nikimpa bibi yule ada tu, atachukua kwa mikono miwili na kuniombea dua mpaka nyumbani kwake. Nisifiche, nililala nikihesabu. Nimeitafuta reale hiyo tangu nikiwa kijana, wakati nilipokuwa mjinga wa kusugua sarafu kwa majivu na ndimu mpaka maandishi yakafutika. Tafadhali msifanye hivyo, weusi wa fedha ni nguo yake.

Asubuhi alipokuja nilimweleza yote. Nilimsomea jina la Sultani, nikamwonyesha mwaka, nikamtajia bei ambayo angeipata Mombasa au Nairobi kwa mtu mkweli, na nikamwambia kwamba mimi sina kiasi hicho. Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza kama zile za shaba ninazihitaji. Nikachukua nne, moja ya 1304 na tatu za 1299 zilizo bora, nikamlipa bei yake, ambayo si kubwa. Reale aliifunga katika pembe ya leso akairudisha koponi, akisema kwamba mjukuu ni msichana na ataolewa siku moja. Ada iliyopungua nilimkopesha. Amekuwa akinilipa kwa mahindi, debe moja baada ya mavuno, na mpaka sasa imebaki debe mbili.